Kwa nini vilima vya Olvera (Hispania) vinamaliza miguu kuliko Mombo–Lushoto?

#1 Msambaa_Sevilla
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mzaliwa wa Soni, kwa sasa nipo Sevilla kimasomo. Barabara ya Mombo–Lushoto nimeipanda kwa baiskeli tangu nikiwa mwanafunzi, tena na tenga la matunda kwenye keria. Ni kilomita kama 33, unatoka mita 400 na ushee juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400. Ni kazi, ila unafika na unabaki na nguvu ya kupiga soga sokoni.

Huku Andalusia nimenogewa na kutalii kwa baiskeli, na mji ninaoupenda zaidi ni Olvera, jimbo la Cádiz. Mji mdogo, nyumba zote nyeupe, ngome ya enzi za Waarabu imekaa juu ya mwamba na kanisa lenye minara miwili liko ubavuni mwake. Ukitoka hapo unapita katikati ya mizeituni mpaka Algodonales, unazunguka bwawa la Zahara, halafu unapanda mlima wa Puerto de las Palomas kuingia mji wa Grazalema. Ukiangalia ramani, hakuna sehemu ya barabara hiyo inayofika mita 1,200.

Sasa nielezeni. Kila ninayepanda naye, Mhispania, Mjerumani, Mtanzania mwenzangu, tukikaribia Grazalema miguu imekwisha kabisa. Lushoto ni juu zaidi na unapanda kilomita nyingi zaidi, lakini haijawahi kunifanya hivyo. Sababu ni nini?

Nawasilisha.

#2 Mzee_wa_Picha
Uzi bila picha haunogi mkuu. Tuwekee hiyo ngome tuione.

#3 Fundi_Gia
Swali zuri, na jibu lipo kwenye kugawanya. Mombo–Lushoto unapanda takriban mita 1,000 kwa kilomita 33. Huo ni mwinuko wa wastani wa asilimia 3. Palomas kwa upande wa Zahara, unaanzia ukingoni mwa bwawa na unapita mita 1,100 ndani ya kilomita 12 hivi, labda 13. Hiyo ni asilimia 6 na kitu, na kuna vipande vinavyogonga 10.

Kwa hiyo huo mlima wa Wahispania una ukali mara mbili. Urefu wa mlima peke yake haukwambii lolote mpaka ujue umetandazwa kwa kilomita ngapi.

#4 Jirani_wa_Meru
Mimi nadhani ni hewa nyembamba. Ukishapanda mlimani oksijeni inapungua, misuli inakufa njaa. Ndiyo maana wanariadha wanakwenda kufanya mazoezi milimani.

#5 Kamanda_Ngong
@Jirani_wa_Meru hapana mkuu. Lushoto iko mita 1,400, Palomas haifiki 1,200, na Grazalema yenyewe iko kama 800. Kama ni hewa, Lushoto ndiyo ingemchosha zaidi. Iten ambako wanariadha wetu wanafanya mazoezi ni mita 2,400, hayo ni mambo mengine kabisa. Futa hiyo.

#6 Msambaa_Sevilla
@Fundi_Gia hesabu yako nimeielewa na naikubali kwa Palomas. Lakini kuna jambo haielezi. Miguu inaanza kulegea KABLA ya Zahara. Olvera iko juu ya mita 600, bwawa liko chini ya 400. Maana yake kipande hicho chote ni cha kushuka. Inakuwaje mtu achoke akishuka?

@Mzee_wa_Picha nitaweka nikifika kwenye kompyuta.

#7 Kigali_Juu_Chini
Ndugu zangu, sisi wa Rwanda hilo tunalijua tangu utotoni. Ramani inakuonyesha unapoanzia na unapoishia. Haikuonyeshi mabonde yaliyo katikati. Unashuka mita 80, unapanda 50, unashuka 70, unapanda 60. Mwisho wa siku umeshuka, ndiyo, lakini miguu imepanda mlima mzima kidogokidogo bila wewe kuhesabu.

Mashindano ya dunia ya baiskeli yalipokuja Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kufanyika Afrika, hakukuwa na mlima mmoja mrefu wa kutisha kama ile ya Ulaya. Ilikuwa ni vilima vifupi vya mjini na barabara ya mawe ya mtaa wa Kimihurura, wanazunguka, wanarudi, wanazunguka tena, zaidi ya kilomita 260. Pogačar alishinda, lakini angalia ni wangapi walioshuka baiskeli zao na kuacha. Wengi mno, watu ambao Alps wanaziona kila mwaka.

Kilima kifupi kinakudanganya ukipande kwa nguvu, kwa sababu kilele unakiona. Hapo ndipo unapojimaliza.

#8 Msambaa_Sevilla
Dah, @Kigali_Juu_Chini hapo umenigusa. Barabara ya Mombo ikianza kupanda inapanda, mwendo ni ule ule, mtu unajipangia. Ya Olvera haina mpangilio.

#9 Fundi_Gia
Hoja ya Kigali naiheshimu ila naomba turudi kwenye chuma, maana ndiko riziki yangu iliko. Swali kwa mleta uzi: baiskeli yako ina meno mangapi mbele na nyuma, kwenye gia nyepesi kuliko zote?

#10 Msambaa_Sevilla
Mbele gia ndogo ni meno 34, nyuma kubwa ni 28. Ni baiskeli ya barabarani, nimeifunga keria na mikoba miwili ya pembeni.

#11 Fundi_Gia
Nilihisi hivyo. Twende taratibu.

Tuseme wewe, baiskeli na mizigo mnafika kilo 110. Gia 34 kwa 28, tairi la kawaida: pedeli ikizunguka mara moja unasogea kama mita 2 na nusu. Ili magoti yasiumie inabidi uzungushe walau mara 60 kwa dakika. Maana yake huwezi kwenda chini ya kilomita 9 kwa saa bila kuanza kusimama kwenye pedeli na kusukuma kwa uzito wa mwili.

Kwenye mwinuko wa asilimia 3, mwendo huo unakudai kama wati 105. Mtu mzima mwenye mazoezi kidogo anazitoa huku anaongea. Kwenye asilimia 7, mwendo ule ule, gia ile ile, unadaiwa zaidi ya wati 210. Hizo si wati za mtalii, ni za mtu anayeshindana. Sasa zitoe kwa saa moja na zaidi!

Weka mbele meno 24 na nyuma 34, kama baiskeli za safari zinavyofungwa. Unazungusha mara 60 zile zile, unakwenda kilomita 5 na kitu kwa saa, unadaiwa wati 125 tu. Utapitwa na mbuzi, lakini utafika Grazalema ukiwa mzima.

Kwa hiyo kwa maoni yangu mlima hauna kosa. Baiskeli yako imetengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na mzigo.

#12 Phoenix_ya_Babu
Fundi, hapo sikubaliani. Babu zetu walipanda milima na Phoenix isiyo na gia hata moja, na gunia la mkaa nyuma. Hizo wati walizitoa wapi?

#13 Fundi_Gia
@Phoenix_ya_Babu walikuwa wanashuka na kuisukuma, mzee wangu. Nenda leo barabara yoyote ya mlimani uone wenye mkaa: kupanda wanasukuma, kushuka wanapanda. Na ni watu wenye akili sana kwa kufanya hivyo.

#14 Phoenix_ya_Babu
Hilo kweli. Nimekubali nusu.

#15 Binti_Kisauni
Asalaam aleikum jamani. Mie nauona uzi huu nacheka kwa furaha, kwa kuwa Olvera nimefika, na mume wangu na watoto, tukitokea Muscat likizo. Kaka Msambaa, mbona hukutaja ile njia ya reli ya zamani? Vía Verde de la Sierra, kilomita 36 kutoka Olvera mpaka Puerto Serrano, mahandaki 30, madaraja makubwa 4. Gari haziruhusiwi. Watoto wangu waliipenda mno, hasa handaki refu ambalo ukiingia huoni mwisho wake, baridi inakupiga ghafla, na maji yanadondoka kichwani. Chukueni taa zenu, msitegemee za mle ndani.

Na pale kwenye jabali la Zaframagón inueni vichwa. Tumbusi wamejaa, wakubwa, wanazunguka juu bila kupiga bawa. Tulikaa pale mpaka watoto wakasahau njaa.

Wala hatukuchoka kihivyo. Njia ipo milimani humo humo.

#16 Kamanda_Ngong
Asante dada. Hiyo inaunga mkono hoja ya Fundi. Treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, kwa hiyo waliojenga reli walitoboa vilima badala ya kuvipanda. Hata treni zenyewe zilipoacha kupita, mwinuko laini ukabaki.

#17 Mpenda_Reli
Marekebisho kidogo @Kamanda_Ngong. Treni HAZIKUACHA kupita, kwa sababu huduma haikuwahi kuanza. Ilikuwa reli ya Jerez kwenda Almargen, ilijengwa miaka ya 1920 wakati wa utawala wa Primo de Rivera. Mahandaki yakachimbwa, madaraja yakasimama, majengo ya stesheni yakawekwa, kisha fedha na siasa vikaharibika na kazi ikasimama. Hakuna abiria aliyewahi kukata tiketi ya kwenda Olvera. Stesheni ya Olvera leo ni hoteli na mgahawa, na waendesha baiskeli ndio wateja wake.

Mimi jambo hilo linanigusa. Watu walipasua milima kwa mikono wakisubiri treni, na kilichokuja ni watoto wa Binti Kisauni kutoka Muscat.

Ya kweli inayofanya kazi ni ile ya Bobadilla–Algeciras, inapita Ronda. Ilijengwa na kampuni ya Waingereza na kukamilika 1892. Ukitaka kufika milimani na baiskeli bila kuipanda barabara kuu, hiyo ndiyo njia, ila nafasi za baiskeli kwenye behewa ni chache, kata mapema.

#18 Binti_Kisauni
Allah, sikuyajua hayo. Shukran.

#19 Mtaa_wa_Pili
Mnaongelea Hispania bila kumtaja Froome? Mzaliwa wa Nairobi, alishinda mbio za Vuelta a España 2017. Milima hiyo hiyo ya Wahispania.

#20 Kamanda_Ngong
@Mtaa_wa_Pili alishinda mara mbili. Ile ya 2011 alikuwa wa pili nyuma ya Juan José Cobo, Cobo akavuliwa ushindi kwa dawa, Froome akakabidhiwa 2019. Na tusisahau aliyemfundisha udogoni, David Kinjah, kule Kikuyu. Kinjah bado anakusanya vijana na baiskeli hadi leo, na anastahili heshima zaidi ya anayoipata nyumbani.

Kuhusu mbio za Ulaya, sifa za sasa ni za Biniam Girmay wa Eritrea. Jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi, ya Tour de France 2024. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, na alishinda tatu mwaka ule.

#21 Kigali_Juu_Chini
Na Asmara nako ni vilima. Nawaachia hapo.

#22 Muuguzi_Malaga
Naona mmezama kwenye gia na mmesahau mwili. Nipo Málaga, kazi yangu ni wodini, na majira ya joto tunapokea waendesha baiskeli waliopigwa na jua. Nina swali moja tu kwa mleta uzi: unatoka Olvera saa ngapi?

#23 Msambaa_Sevilla
Kwa kawaida saa tatu asubuhi, baada ya chai. Zahara nafika kwenye saa sita au saba.

#24 Muuguzi_Malaga
Basi sikiliza. Hispania inatumia saa za Ulaya ya kati tangu 1940, ingawa kijiografia ipo usawa mmoja na Uingereza, na Olvera iko hata magharibi zaidi ya London. Ukijumlisha na ile saa moja wanayoisogeza kiangazi, jua la utosi pale Olvera ni kama saa nane na dakika ishirini mchana. Joto la kilele linakuja jioni, saa kumi na moja.

Kwetu Afrika Mashariki tumezoea jua la utosi saa sita, na saa tisa tunajua linaanza kulainika. Mwili na akili vinakwambia "saa saba, kibaya kimekwisha". Huko ndiyo kwanza kinaanza, na wewe uko chini ya Palomas kwenye lami, Julai, nyuzi 38 au 40, hewa kavu. Jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo unadhani hujapoteza maji.

Mombo kuna joto, lakini ukipanda kilomita chache tu unaingia kwenye ubaridi wa Usambara. Mlima unakupoza unavyopanda.

Toka saa kumi na mbili na nusu, kunapopambazuka. Au nenda Aprili, Mei, au mwishoni mwa Septemba. Na kunywa maji yenye chumvi kidogo.

#25 Fundi_Gia
Hii ya jua ni nzito. Lakini Mjerumani aliyepanda naye Machi, je?

#26 Msambaa_Sevilla
Kweli, Machi hakukuwa na joto hata kidogo, kulikuwa na mvua Grazalema hadi tukajibanza. Na miguu ilikwisha vile vile.

#27 Muuguzi_Malaga
Machi ilikuwa mvua. Mwili uliolowa kwenye upepo nao unachoma nguvu nyingi. Sisemi jua ni kila kitu.

#28 Mvuvi_wa_Tarifa
Mimi nipo pwani ya kusini kabisa, Tarifa, na nasema ni UPEPO. Huku kuna pepo mbili, levante ya mashariki na poniente ya magharibi. Poniente inabeba unyevu wa Atlantiki, inagonga milima ya Grazalema kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na ndiyo maana Grazalema inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka wakati nchi iliyoizunguka ni kavu. Levante ikivuma inashuka kwenye yale mabonde ikiwa kavu na ya moto.

Kwenye barabara ya bwawa hakuna miti ya kukukinga. Unadhani upo tambarare, kumbe unasukuma ukuta. Ukirudi siku ya pili upepo umegeuka, unasema "leo niko vizuri".

#29 Jirani_wa_Meru
Sasa tunaye wa mwinuko, wa vilima vidogo, wa gia, wa jua na wa upepo. Mimi hewa yangu mmeitupa.

#30 Mama_Safari
Mmesahau tumbo! Nimezunguka Ronda, Setenil na Olvera kwa baiskeli na mwenzangu. Tatizo kubwa tulilolipata ni kwamba njaa inakukuta maduka yamefungwa. Saa nane mchana duka linafungwa, linafunguliwa saa kumi na moja au zaidi, Jumapili ndiyo usiseme. Chakula cha usiku mgahawani hakitoki kabla ya saa tatu. Mtu anapanda Palomas kwa kahawa na andazi la asubuhi.

Asubuhi agizeni mollete, ule mkate laini wa duara, uliochomwa kidogo, juu yake nyanya iliyosagwa na mafuta ya zeituni. Mafuta yenyewe yanatoka kwenye mizeituni mtakayoipita. Kuleni miwili. Na jibini ya mbuzi wa payoya wa huko milimani, kipande mfukoni.

#31 Binti_Kisauni
Dada Mama_Safari asante kwa hilo. Kwa Waislamu wenzangu, angalizo: kuna mkate wanaoupaka mafuta mekundu, manteca colorada. Yanavutia kwa rangi lakini ni ya nguruwe. Semeni mnataka aceite, mafuta ya zeituni, hawana neno, ni watu wakarimu.

Setenil mliionaje? Zile nyumba zilizoingia chini ya mwamba, jiwe lenyewe ndilo paa la mtaa mzima!

#32 Mama_Safari
Setenil tulitia baiskeli kivulini chini ya huo mwamba na hatukutaka kuondoka. Ronda nako, lile daraja jipya lililokamilika 1793, unachungulia chini karibu mita 100. Mimi nilichungulia mara moja tu, ilitosha.

#33 Phoenix_ya_Babu
Swali la pembeni. Miiba vipi huko? Pancha?

#34 Msambaa_Sevilla
@Phoenix_ya_Babu mbigiri ipo mzee, ile ile ya nyumbani, inatambaa kandokando ya njia na maua yake madogo ya njano. Ukiegesha baiskeli pembeni ya lami, kagua tairi kwa kiganja kabla hujaondoka. Tembeeni na tyubu ya akiba na viraka.

#35 Sheria_Kwanza
Kwa watakaokwenda: nje ya mji helmeti ni lazima, na walio chini ya miaka 16 ni lazima kila mahali. Dereva akikupita anatakiwa akuachie mita moja na nusu.

#36 Mtaa_wa_Pili
Mita moja na nusu! Wanafuata kweli?

#37 Mama_Safari
Wengi sana wanafuata. Barabara ikiwa na njia mbili upande mmoja, sheria ya 2022 inamtaka dereva ahamie njia nyingine kabisa. Kwenye kona za Palomas madereva walikuwa wanasubiri nyuma yetu, hakuna honi. Hilo peke yake lilinifanya nipende kurudi. Na kwetu linawezekana, hakuna kinachotuzuia.

#38 Msambaa_Sevilla
Wakuu nimesoma zote, asanteni sana. Picha nimeweka, @Mzee_wa_Picha angalia. Gia nitabadilisha, Fundi tuwasiliane. Nitatoka alfajiri, nitakula molleti miwili. Ila bado sijui ipi kati ya hizo ndiyo iliyokuwa ikinimaliza, maana nikibadilisha zote kwa pamoja sitajua.

#39 Fundi_Gia
Badilisha gia kwanza, mengine uache kama yalivyo. Ukifika mzima, jibu tunalo.

#40 Muuguzi_Malaga
Fundi usimshauri mtu aende mchana wa Julai kwa ajili ya jaribio! Abadilishe saa ya kutoka kwanza.

#41 Kigali_Juu_Chini
Au ageuze njia. Ashuke treni Ronda, apande hadi Grazalema, kutoka hapo Palomas ni kilomita chache tu, kisha mlima wote ule wa Zahara anaushuka. Hata hivyo vilima vya Algodonales vitamngoja mwisho akielekea Olvera. Akichoka huko, mjue nilikuwa sahihi.

#42 Mvuvi_wa_Tarifa
Akigeuza njia, levante atakutana nayo usoni.

#43 Fundi_Gia
Na mteremko wa kilomita 12 na kilo 110, kama breki ni za kubana rimu, abane kwa vipindi, aachie, asishikilie moja kwa moja. Rimu inapata moto mpaka tyubu inapasuka. @Msambaa_Sevilla breki zako ni za rimu au za diski?

#44 Msambaa_Sevilla
Za rimu.

#45 Fundi_Gia
Njoo pembeni tuongee kabla hujageuza njia.